Tochi ya Kumshinda Sidi

Kwako Dada Mumbua,

Shikamoo. Najua umecheka, maana kwetu Kitui hatuamkuani hivyo, lakini huku pwani ulimi wangu umeshazoea, na mkubwa ni mkubwa. U mzima? Mgongo wa Mama umepata nafuu tangu muanze kumkataza kubeba madebe? Na mvua imewaonea huruma, au mnatazama mawingu yakipita tu kama sisi hapa Ganze? Mimi mwili wangu hauna neno. Moyo ndio unaouma, na ndiyo sababu nimeandika badala ya kupiga simu. Nikipiga, Mama huweka sauti nyumba nzima isikie, na haya si ya nyumba nzima.

Ni habari ya wivu, Dada. Usikunje uso, soma kwanza.

Hapa zahanati tuko wakunga wawili, mimi na Sidi. Sidi ni mtoto wa hapahapa. Shule alisomea Kaloleni, kisha akarudi kwao. Cheo chetu kimoja, kazi yetu moja. Lakini mgonjwa akifika mlangoni akanikuta mimi, huuliza, "Sidi yuko?" Nikimwambia ametoka, huketi kwenye benchi kumngoja, nami nimesimama pale nimeshavaa glavu. Yeye wanamwita mwanangu. Mimi jina langu Mwende hawalitaji, wananiita sista wa bara. Nazalisha, nashona, nachanja, wananishukuru vizuri sana, halafu mahindi mabichi wanampelekea Sidi.

Basi Sidi akaletewa tochi na kaka yake kutoka Mombasa, kadude kama kidole gumba. Sola yetu iliharibika zamani, na mimi nilikuwa nikimulika kwa simu mpaka siku iliponiponyoka ikatumbukia kwenye beseni la maji ya dawa. Sidi yeye hukabana katochi kake kwa meno, mikono yote miwili iko huru, anafanya kazi yake. Akina mama wakitoka utawasikia, "Sidi ana mwanga wake." Neno hilo lilinichoma, Dada. Nilikuwa nikisafisha vyombo huku nalirudia kichwani.

Siku yangu ya mapumziko nikashuka Kilifi mjini. Nyuma ya soko kuna duka la vifaa vya umeme la mzee mmoja, Mzee Athumani. Nikamwamkia, akaniuliza, "Wataka tochi ya namna gani, mwanangu?"

"Ndogo, ya kukaa kwenye mfuko wa koti la kazi. Ya kuchaji kwa waya wa simu. Isiyoingia maji. Na iwe na nguvu kuliko zote."

"Kuliko zote za dukani, au kuliko ya mtu fulani?"

Nikajifanya sikusikia. Akanipangia kwenye meza ya kioo. Moja ilikuwa nene kama gunzi. Mzee mwenyewe akasema itanivuta mfuko nitembee upande mmoja. Nyingine ya kuning'iniza kwenye funguo, lakini kibonyezo chake kililegea hata kwa kuguswa. Hiyo ingejiwasha mfukoni na kwisha chaji kabla sijafika kazini. Zikabaki mbili, zote urefu wa kidole, zote zina kibanio cha kushika nguo. Akainua pazia la chini ya meza, tukainama kuzijaribu gizani kama watoto. Moja ilitoa mwanga mpana, wa manjano kidogo, wa upole. Ya pili ilitoboa moja kwa moja mpaka ukuta wa nyuma wa stoo, nyeupe, nikaona hadi buibui.

"Kazi yako ni ya mbali au ya karibu?" akauliza.

"Ya karibu. Mimi ni mkunga."

"Basi chukua hii ya upole. Ile ni ya kumtafutia ng'ombe aliyepotea."

Nikachukua ya ng'ombe. Akanieleza namna ya kushikilia kibonyezo ili mwanga upungue, nikawa naitikia tu, "Naam, naam," lakini sikumsikiliza. Nilikuwa nishaiona sura ya Sidi akiitazama tochi yangu.

Haikupita wiki, akaja mwanamume kwa pikipiki, jua kali. Mkewe, Kache, alikuwa na uchungu tangu alfajiri na hawezi kupakiwa. Akauliza, "Sidi yuko?" Sidi alikuwepo. Mkuu wetu akasema twende wote wawili.

Dada, zile nyumba za udongo zisizo na dirisha unazijua. Nje mchana mweupe, ndani huoni kiganja chako. Kache alikuwa amelala kitandani, mama mkwe wake amemshika mabega. Nikaona hii ndiyo siku yangu. Nikatoa tochi, nikawasha. Mwanga ukampiga Kache usoni, akapiga ukelele, akageukia ukutani wakati ambapo alitakiwa asukume. "Iondoe hiyo!" mama mkwe akafoka. Nikabonyeza ili ipungue, ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, kama taa za disko matanga, lile la usiku msibani. Mama mkwe akapiga kelele kushinda mzazi. Nikaificha kwapani. Laiti ardhi ingepasuka!

Katochi ka Sidi kalikuwa tayari mdomoni mwake. Mtoto akatoka, wa kike, akalia. Tukashukuru Mungu. Kisha kondo la nyuma likatoka, na damu haikukatika. Tukamchoma sindano, nikamkanda tumbo, tumbo likakaza, damu bado. Kache akaanza kuzubaa. Sidi alitaka kumsemesha asilale, akafungua kinywa, tochi ikaanguka na kuviringika uvunguni.

"Mwende," akasema gizani. "Mwanga."

Mikono yangu ilikuwa na damu, inateleza. Nikaifuta kwa leso yangu, nikakishikilia kile kibonyezo kama alivyosema Mzee Athumani, nikangoja. Mwanga ukashuka, ukashuka tena, ukawa mdogo, umetulia. Nikapiga magoti, nikamulika pale palipohitajika, nikapaona palipochanika, palikuwa ndani. Sidi akashona huku anamsemesha Kache kwa Kigiriama, akimtajia watu wa kwao, mmoja mmoja. Mimi sikuwa najua hata mmoja wa kumtajia. Nilishika tochi tu. Na hata wakati ule, Dada, mtu yuko baina ya uhai na kifo, moyo wangu ulisema: sifa zitakuwa za nani?

Damu ikakatika. Kache akaomba maji.

Mama mkwe alimkumbatia Sidi, akalia begani mwake. Mimi akanipa mkono.

Tulirudi kwa miguu, maana yule mwenye pikipiki alibaki na mkewe. Tulipofika mahali wanapochomea makaa, Sidi akaketi chini ghafla. Hata chupa ya maji ilimshinda kufungua. Nikamfungulia.

"Mwende, mimi nakuonea wivu," akasema.

Nilidhani ananikejeli. "Mimi? Kwa lipi?"

"Kache angekufa, wewe ungelia, halafu siku moja ungepanda basi ukarudi kwenu. Mimi yule mama nitakutana naye kisimani, sokoni, kanisani, mpaka nizeeke. Kila anayeuliza 'Sidi yuko', mimi naogopa."

Niliketi karibu naye mpaka akamaliza maji, na njia iliyobaki nilimbebea mkoba.

Usidhani nimepona, Dada. Mtoto wamemwita Sidi, na niliposikia, chai niliiacha mezani ikapoa. Lakini juzi amekuja mama mwingine, akachungulia mlangoni, "Sidi yuko?" Sidi alikuwa chumba cha ndani amechoka, mlango wazi, akanitazama. Nikamshika yule mama mkono, nikamwambia, "Sidi amepumzika. Leo niko mimi. Naitwa Mwende." Akaniangalia kidogo, kisha akaingia.

Nisalimie Mama, umwambie tu kwamba nakula vizuri. Shemeji fundi wa baiskeli mpe salamu zangu, na shangazi anayeongoza kwaya, na mwanao mwambie nimefurahi kusikia ameanza shule. Barua ukimaliza ichome, au uifiche mahali Mama hafiki.

Mimi mdogo wako ninayekukumbuka kila siku,

Mwende