Asilimia Mia Tatu na Kumi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima. Goti la Mama limetulia, na mwanangu ameota meno mawili, anang'ata kila kitu.

Kila ukiniuliza habari za kazini nakujibu "nzuri", kwa kuwa kazi hii uliniombea wewe. Leo naona kinyaa kuendelea kukudanganya. Mkuu wetu wa fedha, tunayemwita Bwana Nione Kwanza, hataki hata barua pepe ya mstari mmoja itoke bila yeye kuipitia. Nikienda chooni anatazama saa. Lakini hesabu hajui. Juzi alichukua ripoti yangu, akajumlisha asilimia za ukuaji za idara zote, akapata mia tatu na kumi, akaandika kuwa ndiyo ukuaji wa kampuni.

Nikamwambia taratibu, "Bosi, asilimia hizi hazijumlishwi."

"Umeajiriwa kuandika, siyo kunifundisha."

Kikaoni mkurugenzi akauliza, "Nani kaandika upuuzi huu?" Bosi akaninyooshea kalamu. Nami, Mjomba, nikasema, "Samahani, nimekosea." Hapo nilijichukia mwenyewe.

Jana nikampelekea barua ya kuacha kazi. Akairudisha imejaa wino mwekundu, chini ameandika: "Rudia. Koma hazikai hivi."

Sikurudia. Niliiweka mezani kwa mkurugenzi na wino wake wote, pamoja na ripoti yangu ya awali, nikaondoka.

Mama bado sijamwambia. Ukikasirika, nikasirikie mimi.

Mpwa wako