Alama ya kichwa cha baba

Mwenzangu, tangu siku ile tulipomzika baba sijalia kama leo.

Unakumbuka pale kibarazani alipokuwa akiegemea kila jioni? Mafuta ya nywele zake yaliacha alama ya kichwa ukutani. Kila nikipita naigusa.

Leo nimerudi kutoka kazini, haipo. Haipo!

Kaka ameupiga ukuta wote saruji. Anatabasamu: "Dada, nimemtengenezea mzee nyumba yake." Jirani tunayechangia naye ukuta anacheka, "Yenu imevaa suti, zetu zimebaki na ndala!"

Mara akapita mama mmoja wa ofisi ya kuhifadhi majengo ya kale. Akaupapasa ukuta.

"Nani kafanya hivi? Ukuta wa chokaa unapumua. Saruji itafungia unyevu, na nyumba hizi zimeshikana, zitaoza safu nzima. Ibanduliwe."

Nikamuuliza, na alama ya baba iliyo chini yake?

"Chokaa ya juu itatoka pamoja na saruji, mwanangu, na alama itatoka nayo."

Itatoka nayo.

Kaka alikaa chini palepale. "Nilidhani ni uchafu, dada."

Fundi wa chokaa anakuja Jumatatu kubandua.