Kadi ya Shija

Runzewe, Jumatano, Septemba 1974

Nina hasira.

Shija, yule mama anayekohoa damu, amerudi leo hapa zahanati kwa miguu na kadi yake mkononi. Hajatibiwa. Jumatatu mimi ndiye niliyemwandikia kadi hiyo aende hospitali kubwa. Daktari wa kule ni Mzungu, kwa hiyo nikaandika Kiingereza. Kila palipotakiwa "she" nimeandika "he". Kila mahali!

Karani alisoma, akamwangalia. "Hii kadi ni ya mwanamume. Umeiba ya mumeo?"

Jina halikumsaidia, maana huku kwetu Shija ni jina la kike na la kiume. Kiswahili chake nacho ni cha kuokoteza, hakuweza kujieleza. Akatolewa kwenye foleni.

Karani mpumbavu! Mgonjwa anakohoa mbele yake, yeye anaamini karatasi. Lakini aliyeandika ni mimi. Shuleni nilichapwa kwa neno hilo hilo, na bado... Kwa Kisukuma mtu ni mtu. Kwa Kiswahili ni yeye, basi. Hawa Waingereza lazima wakuchungulie kwanza ndipo wakutaje.

Nimeandika kadi nyingine, nimeisoma mara nne. Kesho nakwenda naye mwenyewe, na karani huyo atanisikia.

Ninaogopa kile kifua. Siku mbili nimempotezea.

Nilipotaka kumwomba radhi, akanitangulia yeye.

"Unisamehe, nesi," alisema. "Nilidhani kadi ni yangu."