Risasi Zilizoingia Vizuri

Shoga, sikia haya. Ile bunduki ya marehemu baba mkwe, mume wangu kaipiga mara mbili leo asubuhi kufukuza nguruwe pori.

Risasi nilinunua mimi. Nilisoma boksi mwenyewe, nikajisifu darasa la jioni la kujifunza kusoma limenifaa.

Mchana tumeipeleka kwa fundi wa bunduki, kaipima. "Kaka, chumba cha risasi ni milimita sitini na tano. Hizi ni za sabini."

"Mbona zinaingia vizuri?" mume wangu kauliza.

"Zinaingia kwa kuwa mdomo wa ganda la risasi umekunjwa. Ukipiga, unakunjuka, unabana njia ya mtutu. Chuma kinapasuka usoni kwako."

Usoni, shoga. Katuonyesha na ufa kwenye mtutu, mwembamba kama unywele.

Leo darasani siendi. Nimekaa namtazama mume wangu anakula, namshukuru Mungu kila tonge.