Mmalize Mwenye Kofia

Yasmini,

Muhogo uko jikoni. Korosho uzianue wingu likitanda. Nimekwenda Likombe kuwarudishia washenga viatu vyao.

Ndiyo, washenga! Wamekuja asubuhi kukuposa. Wanapiga hodi, nawe uko chumbani umeziba masikio kwa hedifoni, unapiga kelele: "Wako mlangoni wawili! Mmalize mwenye kofia!" Mzee Hemedi kashika kofia yake, katoka mbio peku. Nimewafuata hadi barabarani naapa ni mchezo wa simu tu, mtu mzima anapiga risasi vikatuni. Hawakuelewa. Hata mimi sielewi.

~~Simu nimeichukua.~~ Simu nimekuachia. Shangazi wa kijana kanipigia, hoi kwa kicheko. Kwao pia yuko mmoja, tangu alfajiri kajifungia anaua mazimwi.

Ndiye huyo anayekuposa.

Mama