Penisilini Uliyowaachia Askari

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika salamu hiyo kwa mazoea, nikabaki nimeshika kalamu kama mjinga anayesubiri marahaba. Basi, naendelea bila hiyo.

Vita vimekwisha. Daudi amerudi mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya kuuliza habari zangu mimi niliyekuwa nikikufunga kidonda. Mwanao amerudi amekonda, ana kikohozi, anaongea Kiswahili cha kambini hata na watoto wanaomjibu Kisubi. Homa ilimlaza huko Uganda, lakini risasi haikumgusa. Kijiji kilimpokea kwa ngoma, mwenyekiti akahutubia. Ngoma ziliponyamaza akauliza, "Baba yuko wapi?" Habari za msiba zilikuwa hazijamfikia. Nikamshika mkono nikampeleka kwenye kaburi lako, nyuma ya nyumba hii ambayo hukuipenda tangu siku tuliyoletwa.

Na ulikuwa na sababu ya kutoipenda. Walipotuhamishia huku barabarani tuwe kijiji cha ujamaa, mizinga yako ilibaki mahameni, juu ya miti ile ile, na nyuki hawakuambiwa kwamba watu wamehama. Kila ulipomaliza zamu yako kwenye shamba la kijiji, ulirudi kule kwa miguu. Tangu mama afariki tulikuwa mimi na wewe tu nyumbani, Daudi akiwa mgambo, na wewe ulikuwa mrina asali asiyeila. Daktari wa hospitali ya misheni alikuwa amekwisha kukuambia kwamba una ugonjwa wa sukari. Ulikuwa unarudi na debe limejaa, unanionjesha mimi, unanitazama usoni. "Konsolata, ni tamu?" Nakujibu ni tamu. "Basi nami nimeshiba."

Mwiba ulikuchoma huko mahameni. Hukuusikia. Miguu yako ilikuwa imeanza kufa ganzi, lakini hukutaka kusema. Ulirudi na mwiba wako, ukalala nao, ukaamka nao, mpaka nilipoona nyayo zako zinaacha majimaji sakafuni. Mguu ukavimba hadi kwenye kifundo, mtoki ukatokea kinenani, nawe ukaanza kuwaka homa.

Nilitaka twende hospitali. Gari halikuwepo. Mabasi na malori yalikuwa yamechukuliwa kupeleka askari na chakula mbele, na huko hospitali si mwendo wa kumkokota mtu mwenye mguu ule. Tukaenda zahanati, wewe umeegemea bega langu, mkononi una mkebe wa vidonge vyako vya sukari. Daktari wa misheni alikuwa amekuusia: ukienda kutibiwa popote, kwa ugonjwa wowote, waonyeshe hivi kwanza.

Jina la mganga wa zahanati sitaliandika humu. Karatasi hii ni yako. Aliuchunguza mguu, akaubonyeza, akanusa kitambaa. Akasema vizuri tu, lazima nikubali: "Hiki kinataka penisilini." Kisha akageukia kabati. Tuliviona wote, vichupa vya unga mweupe vimepangwa nyuma ya kioo. Akasema vimetengwa kwa ajili ya majeruhi wa vita, huenda wakaletwa huku; ni amri kutoka juu. Akasema anayo salfa ya vidonge, nayo ni dawa nzuri. Halafu akapunguza sauti.

"Lakini mzee akitaka sindano, nitamdunga. Nitajieleza mwenyewe."

Alikupa nafasi, Baba. Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Kama angekunyima, ningemchukia yeye, nikalala. Wewe ulijinyoosha kwenye lile benchi kama unayeulizwa mbele ya mkutano, ukasema: "Hizo ni za vijana. Mwanangu yuko huko. Nipe hiyo salfa."

Nilikuvuta shati. Ukauondoa mkono wangu taratibu. "Konsolata, mtoto wako angekuwa kule, ungesemaje?"

Sina mtoto. Nilikuwa na baba.

Ukaweka mkebe mezani. Akausoma, akaurudisha. "Endelea navyo, usiache hata siku moja. Kidonda hupandisha sukari." Na ni kweli kidonda hupandisha sukari. Hapo hakudanganya. Alichokuwa hakijui ni kitu kingine, na hakuna kati yetu aliyekuwa anakijua. Nikabeba salfa nyumbani imefungwa kwenye kipande cha gazeti, nikashukuru kwamba angalau tumepata dawa.

Nayo ikafanya kazi! Uvimbe ukanywea, usaha ukakauka, nawe ukaanza tena kunitania kwamba napika uji kama wa askari. Baba mdogo Petro alipokuja kukujulia hali aliutazama mguu wa ndugu yake akapiga makofi. Ila ulikuwa huli. Ugali unautazama tu. Uji unaonja kidogo unaweka chini. Lakini dawa hukuacha. Unameza salfa, unameza kidonge cha sukari, unafunga mkebe, mtiifu kama mtoto wa shule. Nami nilikusifu.

Asubuhi ile nilikukuta umekaa kitandani, shuka limelowa kama limetoka mtoni. Mikono yako ilikuwa inatetemeka. Uliniita kwa jina la mama. Kisha ukanitukana, wewe ambaye hukuwahi kunitukana hata nilipovunja mzinga wako nikiwa mdogo. Ukasema una njaa, njaa ya ajabu. Na ukasema neno ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwako tangu ugonjwa ule uanze.

"Nipe asali."

Nilipiga kelele, watu wakaja. Wa kwanza akasema mzee amelewa. Baba mdogo akakunusa, akasema hapana, hajalewa, akatuma mtu zahanati. Mganga alikuja mbio. Lazima nikubali hilo pia, alikimbia, shati liko nje. Akakutazama macho, akakusikiliza unavyochanganya maneno, akasema sukari imepanda mpaka kichwani. Asipewe chochote kitamu, hata kidogo. Akasaga kidonge kingine cha sukari, akakunywesha na maji.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuchota asali kwenye bakuli. Debe lilikuwa uvunguni mwa kitanda chako, Baba. Ulikuwa umelala juu ya asali. Baba mdogo akanipokonya bakuli.

"Unataka kumwua baba yako?"

Nikamwambia umeomba mwenyewe. Akasema mgonjwa hajui anachosema. Nikaling'ang'ania, tukavutana mbele ya watu, mimi na baba yangu mdogo, mpaka wanawake wakanishika mabega wakanitoa nje. Bakuli akaliweka juu ya sanduku, mahali ulipoweza kuliona. Nilikuwa nachungulia dirishani. Ulikuwa unalitazama. Ukanyoosha vidole, vikaanguka. Baadaye ukakakamaa, meno yakaumana, mwili wote ukatupwa huku na huku, na jua halijafika utosini ukawa umenyamaza. Mguu wako ulitoka nje ya shuka. Ulikuwa umepona.

Matangani walisema sukari ndiyo imemwua. Sukari yenyewe ilikuwa adimu dukani, wakasema afadhali, katika nyumba hii isiingie. Tukanywa chai chungu tukikulilia.

Mabasi yaliporudi barabarani nilikwenda hospitali ya misheni. Sikwenda kushitaki mtu. Nilikwenda kurudisha vidonge vyako, maana ulikuwa ukisema dawa iliyobaki ni ya mgonjwa mwingine. Daktari wako, yule mama wa miwani, akakuulizia. Nilipomwambia, akauliza mguu ulitibiwa kwa dawa gani. Nikamtolea ile salfa iliyobaki. Akaiweka kando ya mkebe, akavitazama vyote viwili, akavua miwani.

"Salfa huvipa nguvu vidonge vya aina hii," akasema. "Na kama alikuwa hali, ndiyo kabisa. Sukari ya baba yako haikupanda, Konsolata. Ilianguka. Lile jasho, kutetemeka, kutukana watu, ile njaa, ni kuanguka kwa sukari."

Nikauliza, na penisilini? Akasema penisilini haina ugomvi na vidonge vile. Akasema si kila dawa ya kidonda inamfaa mtu wa sukari. Lazima kwanza ijulikane anameza nini. Na pale ambapo salfa ndiyo peke yake iliyopo, mgonjwa hupunguziwa vidonge, hulishwa, huangaliwa kwa karibu. Nikauliza swali la mwisho, ingawa nilikuwa nimekwisha kujua. Akasema vijiko vichache tu vya asali, mapema, wakati bado unaweza kumeza.

Niliposhuka kwenye basi sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja zahanati nikamweleza mganga yote. Nilitamani abishe, nipate kumpigia kelele. Hakubisha. Akakaa kwenye benchi la wagonjwa, pale pale ulipokaa wewe. "Hilo hawakunifundisha," akasema. Kisha: "Na mimi nilimwongezea kidonge." Akalia. Nikaondoka nikamwacha analia. Machozi yake yangenifaa nini?

Majeruhi hawakuletwa. Hata mmoja. Vichupa vilikaa nyuma ya kioo mpaka vita vikaisha, muda wake ukapita, vikafukiwa kwenye shimo karibu na choo cha zahanati. Nilikwenda kutazama vikifukiwa. Na Daudi, akituhadithia habari za huko, alisema shida ya dawa hawakuwa nayo. Makasha mengine waliyaacha njiani kwa kukosa gari la kuyabeba. Alikuwa anacheka aliposema hivyo. Nikatoka nje nikajifanya nachochea moto.

Dada yako, Shangazi Veronika, ambaye naye ana sukari kama wewe, aliota jipu mgongoni. Niliposikia nilifunga nguo nikaenda Ngara, hadi kwake Bugarama. Nilikuta amekwisha kupewa dawa. Nikafungua karatasi: salfa. Nikamchukua shangazi, na vidonge vyake vya sukari, tukarudi kwa yule aliyemwandikia. Nikaweka dawa zote mbili mezani, nikamwambia hizi hazitakutana tumboni mwa mtu huyu.

Akaniuliza, "Wewe ni daktari?"

"Mimi ni mtoto wa marehemu," nikasema.

Alikasirika. Akaniambia nitoke. Sikutoka. Nilikaa mlangoni, wagonjwa wengine wananung'unika, shangazi ananiomba kwa Kihangaza nimwache mtu wa watu afanye kazi yake. Nilieleza kwa sauti, kila mtu asikie: jasho, kutetemeka, matusi, njaa, bakuli juu ya sanduku. Manung'uniko yakaisha. Yule mtu akaingia chumba cha ndani, akatoka na penisilini na sindano. Akalipasua jipu, akamdunga. Hakunitazama. Siku zote za matibabu nilikaa na shangazi, nikahakikisha hamezi vidonge vyake bila kula, na asali nikaiweka karibu na mkono wake.

Amepona. Analima. Ananiita mkombozi wake, na watu wa kwake wananiletea maharage. Nami nikimwona anakula ugali wake na kuramba vidole, furaha inakuja, halafu inageuka uchungu hapo hapo. Ilikuwa rahisi hivi? Sindano tu na mtu wa kusema hapana?

Daudi aliniuliza ulikufa na nini. Nikamwambia, kidonda. Akasema, "Laiti ningekuwepo." Sikumwambia kwamba uliona penisilini kwa macho yako ukamwachia yeye, na kwamba yeye hakuihitaji. Baba mdogo nilimweleza habari ya asali, maana asingeacha kunilaumu kwa ule mvutano. Tangu siku hiyo hukaa nje ya uzio, haingii ndani. Mtu mmoja aliyevunjika anatosha.

Kwa hiyo nakuahidi, Baba: Daudi hatajua. Sifanyi hivyo kwa ajili yako, nafanya kwa ajili yake. Na popote nitakaposikia mtu wa sukari ana kidonda au homa, nitakwenda, niitwe nisiitwe, niulize anameza nini na amepewa nini, hata wakinifukuza. Kusamehe sikuahidi. Nimejaribu kanisani, maneno yanatoka, moyo haufuati. Ulimpenda mwanao aliye mbali hadi ukamsahau uliyekuwa umeegemea bega lake.

Kwaheri, Baba. Lala. Nitapalilia kaburi lako kila mvua zikianza, na nitakuwa na hasira nikipalilia.

Mwanao,
Konsolata