Malka Mbili

Minjila, 3 Februari 2025

Mwanangu Batula,

Assalamu alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila goti langu bado linalalamika. Wewe je, kifua kimepoa? Unaswali kwa wakati?

Huku majani yamekwisha, babako lazima ashushe ng'ombe mtoni. Malka zetu unazijua, zile njia za mifugo zinazopita katikati ya mashamba: moja upande wa Idsowe, moja upande wa Ngao. Kiangazi kilichopita Idsowe walishuka mara nne, wakavamiwa mara moja na wenye mapanga. Ngao walishuka mara tatu, wakavamiwa mara moja. Babako anasema, "Huyo msomi wetu si anafundishwa uwezekano? Basi atuambie tufanyeje tusipoteze ng'ombe wote." Anacheka, lakini anangoja jibu. Kakako Nuh atakwenda naye. Mwombee.

Mamako

Shuleni, 6 Februari

Mama mpenzi,

Waalaykum salaam. Kifua kimepona, na swala sijaacha. Goti lipake mafuta ya simsim.

Mwambie baba Idsowe ni robo, Ngao ni theluthi. Ng'ombe wakigawanywa, hawezi kuwapoteza wote mpaka malka zote mbili zivamiwe. Hapo tunazidisha: 1/4 × 1/3 = 1/12. Wakienda wote Idsowe, hatari ni robo nzima. Basi wagawanye, baba huku, Nuh kule. Barua anakuja nayo Faduma wa duka.

Bintiyo Batula

Shuleni, 10 Februari

Mama,

Salamu nitatoa siku nyingine. Nimepiga kwa simu ya mwalimu, hupatikani.

Leo tumefundishwa "angalau moja". Nilijibu swali la ng'ombe, sikujibu la watu. Idsowe kuwa salama ni 3/4, Ngao ni 2/3. Zote mbili kuwa salama: 3/4 × 2/3, yaani nusu. Nusu iliyobaki ni kwamba angalau malka moja itavamiwa, na kila malka ina mtu wetu. Wasigawanyike. Waende pamoja Idsowe.

Batula

Minjila, 14 Februari

Batula wangu,

Assalamu alaykum. Nakuuliza hali, na yangu naijua.

Barua yako ya pili Faduma aliifikisha wanaume wakimwosha Nuh uani. Wenye mapanga walimngoja malka ya Ngao. Walianza na ng'ombe, wakawakata mishipa ya miguu ili wasikimbie. Nuh akabaki nao, hakukubali kuwaacha wakilia. Mkono wa kulia ulipatikana mbali na mwili, umeshika kamba. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Babako alinywesha Idsowe akarudi na nusu ya kundi. Watu wanampongeza kwa hesabu yako. Yeye ananoa mkuki. Mimi sikulaumu, mwanangu, uliulizwa ng'ombe ukajibu ng'ombe. Ila nakwambia wewe tu: usiku mkono ule ndio ninaouona, uso wake hauji.

Sasa wanataka kwenda kulipiza, wanne: babako, Boru, Abdishakur na Dado. Boru, aliyekula sahani moja na Nuh tangu utotoni, anasema kila mtu ana robo tatu ya kurudi, na robo tatu ni nyingi. Lugha hiyo wameitoa kwako. Kwangu hawasikii. Kwako watasikia. Wanaondoka Jumanne baada ya alfajiri.

Mamako

Shuleni, 16 Februari

Mama,

Mungu amrehemu kaka, na akupe subira. Nimelia, nimeswali, nimeandika. Faduma ameapa atafika kabla ya Jumanne. Wasomee wote, baba akiwepo.

Boru, robo tatu ni yako peke yako. Mkiwa wanne mnazidisha: 3/4 × 3/4 × 3/4 × 3/4. Ni 81 kwa 256, haifiki hata theluthi. Hiyo ndiyo nafasi ya kurudi nyote. Iliyobaki, ambayo ni zaidi ya theluthi mbili, ni ya mtu kuoshwa tena uani.

Hesabu haimtaji huyo mtu. Basi mtajeni nyinyi. Kabla ya kuinua mkuki, kila mmoja ataje jina lake mbele ya mama, na aseme nani atamwosha.

Baba, anza wewe.

Bintiyo Batula